Wanaojenga Ruziba na Wanaoichora

Barabara ya taifa namba 3 inatoka katikati ya Bujumbura kwenda Rumonge huku ikilifuata ziwa Tanganyika. Inapita Kinindo, inapita Kanyosha, na kila abiria wa Hiace akidhani mji umekwisha, anaona msingi mwingine umechimbwa, rundo jingine la matofali, mabati mapya yanayong'aa juani. Ruziba iko huko kusini. Upande mmoja ni ziwa, upande wa pili ni miteremko ya Mumirwa, na mbele kidogo ni Mugere, penye jiwe linalokumbusha kwamba Livingstone na Stanley walipita hapo mwaka 1871. Kwa muda mrefu watu wa mjini waliijua Ruziba kwa wavuvi na michikichi. Leo wengi wanaijua kwa viwanja.

Mji ambao Wajerumani waliuanza kama ngome ya kijeshi mwishoni mwa karne ya 19 umejaa, nao unatafuta pa kupumulia. Magharibi kuna ziwa. Mashariki milima inapanda ghafla. Zimebaki pande mbili, kaskazini na kusini, na kusini maana yake ni Kanyosha na Ruziba. Familia hununua parseli, yaani kiwanja, humleta fundi, fundi hutandaza kamba na kupiga mambo za miti, na kazi huanza. Mara nyingi hakuna mchoro ila ule uliomo kichwani mwa fundi. Kuta hupanda kwa rukarakara, yaani matofali mabichi ya udongo, au kwa matofali ya kuchoma kama mfuko unaruhusu. Saruji huwekwa pale tu pasipoweza kukwepeka.

Huo ndio usanifu wa Ruziba, na unastahili kuitwa usanifu. Mafundi wake wanajua udongo upi hupasuka ukikauka na upi hushika. Wanajua upepo wa ziwa huja saa ngapi, na mvua ya Aprili hupiga ukuta wa upande gani. Wanajua pia kukadiria gharama kwa macho, elimu ambayo chuo kikuu huifundisha kwa shida. Lakini ukitafuta mchango wao katika michoro rasmi ya shule, zahanati, soko au barabara itakayopita kando ya nyumba walizojenga wenyewe, huukuti. Michoro hiyo hutoka ofisini, na ofisi hiyo haina mtu wa Ruziba.

Burundi haikosi utamaduni wa kujenga kwa pamoja. Ikibiri, ile desturi ya majirani kusaidiana kulima na kusimamisha nyumba, ni ya zamani kuliko mipaka ya nchi. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 2005 iliichukua desturi hiyo ikaifanya kazi za umma za Jumamosi asubuhi. Mwaka huohuo ada ya shule ya msingi ilifutwa na watoto wakamiminika madarasani kwa wingi ambao nchi haikuwa imejiandaa nao. Madarasa yakahitajika haraka. Wananchi wakabeba mawe, wakafyatua matofali, wakasomba mchanga na maji. Shule nyingi za Burundi za leo zimesimama kwa jasho hilo, na yeyote aliyewahi kubeba karai kichwani siku nzima anajua uzito wa mchango huo.

Hata hivyo, aliyebeba tofali hakuulizwa dirisha likae wapi. Madarasa hayo yamefanana kutoka mkoa hadi mkoa: mstari mmoja wa vyumba, bati juu, saruji chini, madirisha madogo kila upande. Mji wa Muyinga uko juu na kuna baridi. Ruziba iko usawa wa ziwa, kwenye mita mia saba na kitu, na joto lake hulazimisha mwalimu kufungua mlango hata wakati wa vumbi. Mvua ikinyesha juu ya bati lisilo na dari, somo husimama. Watoto hukaa wakisubiri mawingu yapite, na hakuna aliyeandika popote kwamba saa hizo zilipotea kwa sababu ya paa. Jamii ilitoa nguvu zake. Rai yake haikutakiwa.

Kuna jengo moja nchini humo linaloonyesha kwamba mambo yanaweza kwenda kwa njia nyingine, na ajabu ni kwamba linajulikana zaidi Ulaya kuliko Bujumbura.

Mwaka 2012, mjini Muyinga, kaskazini-mashariki, ilikamilika maktaba ndogo. Ilikusudiwa kuwa sehemu ya kwanza ya shule ya watoto viziwi watakaosoma pamoja na wenzao wanaosikia. Mwenye kazi alikuwa shirika la hapohapo, ODEDIM, na wasanifu walitoka Brussels, ofisi changa wakati huo iitwayo BC Architects. Kabla ya kuchora walizunguka mkoani wakitazama jinsi watu wanavyojenga, kwa vifaa gani, na maisha ya nyumba huendeshwa wapi. Waliona kile ambacho kila Mrundi anakijua: sebule ya kweli ni baraza. Chini ya ukingo wa paa, nje kidogo ya mlango, ndipo watu humenya mihogo, hupokea wageni, husuka nywele na kukwepa mvua. Basi maktaba ikajengwa kuizunguka baraza. Inakwenda kwa urefu wa jengo zima, na milango baina ya nguzo ikifunguliwa yote, chumba cha vitabu na uwanja wa nje huwa kitu kimoja.

Kwa vifaa walikwenda mbali zaidi. Kuchoma matofali hula misitu, na Burundi haina miti ya kuchezea. Saruji na nondo ni ghali. Wakaamua kutumia matofali ya udongo unaoshindiliwa kwa mashine ya mkono, yasiyohitaji moto. Walipozitafuta mashine hizo walizipata humohumo nchini: mbili, aina ya Terstaram, nzima, zimefunikwa vumbi la miaka 15. Mtu aliwahi kuzileta, mradi fulani ukaisha, zikaachwa. Ni habari inayoumiza kidogo. Vifaa vya kujenga shule bora vilikuwapo muda wote huo, na hapakuwa na mtu mwenye kazi ya kuviulizia.

Mashine zikafutwa vumbi. Vijana wa mjini wakafundishwa kuchagua udongo, kuuchekecha, kuupima unyevu na kuukandamiza hadi utoke tofali la sentimita 29 kwa 14 kwa 9. Paa likaezekwa vigae vilivyochomwa kienyeji juu ya boriti za mikaratusi, bati la kuagizwa kutoka nje likaachwa, na kelele za mvua zikapungua. Ukuta ukaachiwa matundu kwa mpangilio ili hewa ya moto ipande na kutoka. Upande wa barabarani, pale chumba kilipokuwa kirefu kwenda juu, mafundi walitundika wavu mkubwa wa kamba za mkonge uliosukwa kwa mikono, watoto wadogo wakapata pa kulala na kitabu kama wavuvi kwenye wavu wao. Mkonge ulitoka kwenye mashamba ya nchini, na waliousokota na kuusuka walikuwa watu wa Muyinga.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye neno kiziwi, kwa sababu majengo mengi ya Afrika Mashariki huchorwa kana kwamba viziwi hawapo. Mtoto anayetumia lugha ya alama husikiliza kwa macho. Akikaa nyuma ya safu ya madawati anaona migongo ya wenzake, na mazungumzo yote ya darasa yanampita. Akikaa mkabala na dirisha lenye mwanga mkali, mikono ya mwalimu huwa kivuli. Korido nyembamba humlazimu atembee mbele au nyuma ya mwenzake, na hapo maongezi hukatika, kwa sababu watu wawili wanaoongea kwa alama wanahitaji nafasi ya kwenda sambamba na kutazamana. Mtoto mwenye usikivu hafifu ana shida nyingine tena: mwangwi wa ukuta mtupu na kishindo cha bati humfutia hata kile kidogo anachokipata. Mjini Washington, Chuo Kikuu cha Gallaudet, ambacho ni cha viziwi, kilianza kuyapanga mambo haya kuwa elimu ya usanifu mwaka 2005, viziwi wenyewe wakiwa washauri wakuu pamoja na msanifu Hansel Bauman. Walichokigundua hakihitaji fedha nyingi: kona zilizokatwa ili mtu amwone anayekuja, viti vilivyopangwa kwa nusu duara, rangi za ukuta zisizogombana na ngozi ya mikono, mwanga unaotoka pembeni. Fundi wa Ruziba anaweza kuyafanya yote hayo kesho asubuhi. Lakini lazima kwanza awepo mtu wa kumwambia, na anayejua ni kiziwi.

Hoja ya fani ya usanifu kufunguliwa kwa watu wa kila namna inaanzia hapo. Mara nyingi huzungumzwa kama suala la heshima, na ni kweli, lakini ni suala la ujuzi pia. Aliyewahi kuteka maji kwenye mteremko wakati wa masika ndiye anayejua ngazi ya zahanati iwe na kimo gani. Aliyewahi kunyonyesha huku akisubiri foleni ndiye anayejua benchi liwekwe wapi. Ofisi ya wasanifu isiyo na watu hao haikosi tu sura tofauti kwenye picha ya pamoja. Inakosa habari.

Afrika Mashariki imekaa na ukosefu huo kwa miongo mingi. Miji yake ilichorwa na watu waliokuja. Katika Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa chini ya Wabelgiji, mtaa wa Buyenzi ulitengwa kwa Waswahili, na baadaye katika miaka ya 1950 Ofisi ya Makazi ya Waafrika (OCAF) ilijenga mtaa mzima wa nyumba zilizopangwa safu kwa safu, ambao wazee hadi leo huuita Okafu ingawa jina lake ni Ngagara. Nyumba zile zilikuwa imara, na nyingi bado zinakaliwa. Lakini aliyepangiwa kuishi humo hakuulizwa jiko likae wapi, na kwa miaka iliyofuata wakazi wameongeza, wamebomoa na wamehamisha hadi kila ua umekuwa na ramani yake.

Uhuru ulipofika, Waafrika waliosomea fani hiyo walikuwa wa kuhesabika. Nchini Tanzania, Beda Amuli, aliyesomea Technion huko Haifa, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufungua ofisi yake mwenyewe, na soko la Kariakoo lililofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1975 ni kazi ya mkono wake. Aliligawa ili wachuuzi wauze chini ya miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, hewa ipite, mwanga uingie, na maji ya mvua yaongozwe kushuka kwenye nguzo. Nchini Kenya, David Mutiso alishirikiana na Karl Henrik Nøstvik kwenye jengo la mikutano la KICC jijini Nairobi lililokamilika mwaka 1973. Hao walikuwa wanaume. Chama cha Wasanifu cha Kenya kilichoanzishwa 1967 kilimpata rais wake wa kwanza mwanamke, Emma Miloyo, mwaka 2017, yaani baada ya miaka 50 kamili. Na dunia nzima ilisubiri hadi 2022 ndipo tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika fani hii, ikamfikia Mwafrika, Francis Kéré wa Burkina Faso.

Habari za Kéré zinafaa kusimuliwa Ruziba. Alizaliwa Gando, kijiji kisichokuwa na shule wakati huo, na akawa mtoto wa kwanza wa kijiji hicho kupelekwa kusoma. Alifika Ujerumani kwa ufadhili wa mafunzo ya useremala, akaendelea hadi usanifu, na kabla hajamaliza masomo alikuwa ameshachangisha fedha za kuwajengea wadogo zake shule. Ilikamilika 2001. Wanakijiji hawakuipenda mwanzoni, kwa sababu alitaka kujenga kwa udongo, na udongo wao waliujua: mvua moja, ukuta chini. Ilibidi awajengee dari la tofali la udongo, apande juu yake na kuruka mbele yao ndipo wakamwamini. Mgeni asingepata nafasi hiyo ya kuaminiwa, wala asingejua kwamba hofu ya mvua ndiyo iliyokuwa swali la kwanza. Shule ile ina mapaa mawili, moja la tofali na jingine la bati lililoinuliwa juu yake, hewa ikipita katikati. Kwa joto la kando ya Tanganyika, wazo hilo lingefaa kuazimwa kama lilivyo.

Jirani wa karibu zaidi ni Rwanda, yenye milima, udongo na lugha inayokaribiana sana na Kirundi. Hospitali ya Butaro, iliyofunguliwa 2011 karibu na mpaka wa Uganda, ilichorwa na MASS Design Group, kundi lililoanzishwa na wanafunzi wa Harvard mwaka 2008. Kuta zake ni za mawe ya volkeno ambayo wakulima wa eneo hilo waliyaona kero shambani. Waashi waliyachonga hadi yakakaa pamoja karibu bila chokaa kuonekana, na kadiri ukuta ulivyoendelea, mikono iliboreka. Anayezunguka jengo akitazama kwa makini anaweza kuona ni upande gani ulianza kujengwa. Kati ya waashi hao walikuwemo wanawake, nao waliondoka pale na ujuzi unaolipa. Kayonza, mashariki mwa nchi hiyo, Kituo cha Fursa kwa Wanawake kilichochorwa na Sharon Davis kilikamilika 2013 kwa matofali takriban 450,000, na wanawake wenyewe ndio walioyafyatua.

Lakini hata Rwanda ilianza na pengo. Christian Benimana, ambaye baadaye aliiongoza ofisi ya MASS mjini Kigali, alipotaka kuwa msanifu hakupata shule ya fani hiyo nchini mwake. Alikwenda Shanghai, Chuo Kikuu cha Tongji, akajifunza Kichina kwanza, kisha usanifu kwa Kichina. Shule ya usanifu ilianza Kigali mwaka 2009. Tangu hapo kijana wa Kinyarwanda anaweza kusomea majengo huku akitazama nje ya dirisha milima anayokusudia kuijengea, na akirudi nyumbani wikiendi anaweza kumwuliza babu yake kwa nini kizingiti kiliwekwa pale.

Dar es Salaam kina Victoria Heilman, mhadhiri wa Chuo Kikuu Ardhi, waliona kwamba kusubiri ofisi ziwaajiri hakutoshi. Mwaka 2011 wakaanzisha TAWAH, chama cha wanawake wasanifu na wenzao wa fani za ujenzi, na kazi yao ni kuwajengea nyumba wanawake maskini, hasa wazee na wajane, wao wenyewe wakishika mwiko. Kampala, Doreen Adengo alirudi kutoka Marekani, akafungua ofisi 2015, akachora, akafundisha na kuchunguza jinsi mji wake unavyokua, hadi kifo kilipomchukua 2022 akiwa bado na mengi. Wasichana wa Uganda waliopita kwenye ofisi yake sasa wanachora.

Bujumbura ina wanawake wengi kwenye ujenzi, ila wako chini ya ngazi. Pita eneo lolote la ujenzi kuanzia Kinindo hadi Ruziba: wanaosomba mchanga, maji na matofali ni wanawake, wengi na mtoto mgongoni. Anayeshika timazi ni mwanaume. Hakuna sheria inayosema iwe hivyo. Fundi huanza kama msaidizi, anaazimwa mwiko siku ambayo mwashi amechoka, anajaribu mstari mmoja, anasahihishwa, na baada ya mwaka ni mwashi. Mwanamke habahatiki kuazimwa ule mwiko. Anaweza kukaa miaka kumi kwenye ujenzi na kutoka akiwa na ujira uleule wa siku ya kwanza. Na kwa kuwa binti wa Burundi, kwa desturi, harithi ardhi ya baba sawa na kaka zake, anayebeba matofali ya nyumba za watu ana nafasi ndogo sana ya kujenga yake.

Wapo pia Batwa, jamii ya watu wachache nchini. Katiba ya Burundi imewapa viti vitatu bungeni na vitatu kwenye Seneti, na huo ni ushindi. Kwenye ujenzi hawatajwi. Hawa ni watu ambao kwa vizazi wameujua udongo wa mfinyanzi kuliko yeyote: pa kuuchimba, jinsi ya kuukanda, jinsi ya kuukausha polepole usipasuke, moto uwe mkali kiasi gani. Sufuria za bati na ndoo za plastiki zimeua soko la vyungu vyao. Nchi inayotafuta vigae na matofali bora ina walimu ambao haijawahi kuwaita, na wengi wa walimu hao hawana hata parseli ya kujengea.

Sasa turudi kusini mwa mji, maana muda unakwenda. Ruziba inajengwa mahali pagumu. Mito inayoshuka kutoka Mumirwa ni mifupi na mikali. Mvua kubwa ikinyesha juu, maji hufika chini yakiwa na mawe na udongo, na kingo za mito humomonyoka hadi nyumba zikaning'inia. Bujumbura haijasahau usiku wa Februari 2014 ambapo mafuriko upande wa kaskazini yaliua makumi ya watu. Kutoka upande wa pili ziwa nalo limepanda. Kuanzia 2020 hadi 2024 maji ya Tanganyika yaliingia kwenye nyumba, hoteli na mashamba ya kandokando, mji mdogo wa Gatumba ukazama mara baada ya mara, na kiwango kikakaribia kile kilichorekodiwa miaka ya 1960. Sheria ya maji ya 2012 inataka mita 150 zisizojengwa kando ya ziwa, na mita 25 kando ya mito inayoingia humo. Sheria hiyo ni ya busara. Imevunjwa na matajiri wenye ukuta wa mawe, na imevunjwa na maskini asiyekuwa na pengine pa kwenda, na pale ubomoaji unapofika, mara nyingi huanzia kwa maskini.

Watu wa Ruziba wangekuwa na mengi ya kusema juu ya mita hizo. Wavuvi wanajua maji yalifika wapi mwaka gani, na wazee wanaukumbuka mwaka ambao ziwa liliikaribia barabara. Wanajua pa kutua mitumbwi pasipohitaji ukuta, na pa kuanikia ndagala pasipohitaji jengo la kudumu. Ukanda usiojengwa ukiachwa mtupu huvamiwa. Ukipangiwa kazi ambayo wenyeji wenyewe wameitaja, kama vile pwani ya wavuvi, bustani za mboga, uwanja wa mpira au vitalu vya miti, watu wataulinda kwa sababu ni wao.

Kuna mahali Afrika Mashariki ambapo mazungumzo ya namna hiyo yamefanyika kwa ukubwa wa kutosha. Mukuru, jijini Nairobi, ina kaya zaidi ya 100,000 kwenye ardhi yenye migogoro mizito. Mwaka 2017 kaunti iliitangaza eneo maalumu la kupangiwa, na badala ya kuwaita washauri wachore kisha wawaonyeshe wakazi, wakazi ndio walioanza. Chini ya Muungano wa Wanavijiji walijipanga kaya kumi kumi, makundi hayo yakatoa wawakilishi, wawakilishi wakakaa na wahandisi, wanasheria, madaktari na wasanifu, kila fungu na mada yake: maji, barabara, nyumba, afya. Kazi ilikuwa ndefu, iligombaniwa, na haikumpendeza kila mtu. Lakini barabara zilipoanza kutengenezwa, watu walijua kwa nini upana wake ni ule, maana walikuwa wamebishana juu yake.

Burundi ina nyumbakumi tayari, yaani wajumbe wa kila nyumba kumi. Kila kartiye ina watu hao, wanaojulikana na kila mlango, na kwa kawaida kazi yao huhesabiwa kuwa ya usalama na taarifa. Hakuna kinachozuia nyumbakumi wa Ruziba kuita majirani zake wachore ramani ya mtaa kwa chokaa chini, waonyeshe maji yanapopita, gari la wagonjwa linapokwama, watoto wanapovukia barabara kwenda shule. OBUHA, ofisi ya serikali inayoshughulikia mipango miji na ujenzi, ingepokea kutoka kwao habari ambazo picha ya setilaiti haitoi. Kazi za Jumamosi zingeanza na saa moja ya kuulizana kabla ya majembe kushikwa. Na mashine ya kushindilia tofali, iliyo rahisi kiasi kwamba watu wawili huiendesha bila umeme, ingeweza kuwekwa chini ya ushirika wa wanawake wanaobeba mchanga leo, mwiko ukiwemo, timazi ikiwemo, na siku za mafunzo zikilipwa kama siku za kazi.

Wasanifu waliokwenda Muyinga waliondoka na kitu. Miaka michache baadaye walianzisha mjini Brussels kampuni ya BC Materials, inayochukua udongo unaochimbwa kwenye maeneo ya ujenzi ya jiji hilo na kuugeuza matofali yasiyochomwa, lipu na sakafu. Wanafunzi wa Ulaya hulipa ili wafundishwe kuchekecha udongo na kuukandamiza. Ujuzi uliozinduliwa Burundi, kwa mikono ya Warundi, sasa una mtaala, bei na wanunuzi kaskazini ya dunia. Ruziba, yenye udongo mlangoni na vijana wanaotafuta kazi, iko umbali wa siku moja kwa gari kutoka maktaba ya Muyinga, na safari ya kwanza ya kuwapeleka mafundi wake huko wakaiguse ile baraza ingegharimu nauli za basi na chakula cha njiani.